Kushuka Manyovu si mapumziko

Juzi kaja mwingine. Kijana wa Dar, baiskeli safi, mifuko minne ya mizigo, hema limekunjwa vizuri juu ya keria, na ratiba kaiandika kwenye simu: kutoka Mwandiga, jirani na Kigoma mjini, kupanda hadi Manyovu milimani, saa kwa saa, wapi atakunywa maji, wapi atakula. Analala juu, peke yake. Kisha kesho yake mstari mmoja tu: "Kushuka, kupumzika." Nikamuuliza raba za breki kaziangalia lini. Akacheka. "Fundi, kupanda ndiyo kazi. Kushuka ni bure."

Mpanda ngazi hushuka, wahenga walisema, ila hawakusema atashuka kwa namna gani. Mimi natengeneza baiskeli hapa Kigoma mjini, na huwa naziona zinavyorudi. Hazirudi na misiba ya kupanda. Kupanda unakwenda mwendo wa mtembea kwa miguu, ukianguka umeanguka na watoto wa shule wapo pembeni, watakuinua na kukusukuma hadi kona inayofuata. Zinarudi na rimu iliyopinda, tyubu iliyopasuka kwa ndani, usukani uliogeukia ubavuni, na mwenyewe kiwiko hakina ngozi. Hayo yote ni ya kushuka. Na ukiwa peke yako, umetumbukia korongoni kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, aliyeko juu barabarani hakuoni.

Tufanye hesabu basi. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Manyovu inapita 1,500. Katikati kuna lami ya kilometa kama 60. Mtu, baiskeli, hema, sufuria na maji, kilo 100 zinafika bila taabu. Kilo 100 zikishuka mita 700 zinaachia nguvu ya karibu kilojuli 690, na hiyo inatosha kuchemsha lita mbili za maji ya bomba. Uliilipia kwa jasho ukipanda. Ukishuka lazima iende mahali, na mahali penyewe ni pawili tu, upepo unaokupiga kifuani na rimu zako, zinazosuguliwa na raba za breki.

Hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu ushauri anaoupata kila mtu ni "shuka polepole huku umebana breki." Polepole ipi? Chukua mteremko mkali wa lami, unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100, na kilo zako 100. Ukienda kilometa 10 kwa saa, breki zinameza kama wati 200, joto linapata nafasi ya kutoka. Ukienda 50, upepo wenyewe unameza karibu nguvu yote na breki hazina kazi kubwa. Ukienda 25, ule mwendo mtu anaouona wa busara, breki zinameza karibu wati 400 mfululizo. Yaani mwendo unaoitwa wa tahadhari ndio unaopika rimu kuliko yote. Gusa rimu kwa kidole kilicholowa maji baada ya kona chache utasikia chii! Halafu kiraka chako cha zamani kinaanza kuachia gundi, hewa ndani inapanuka, tyubu inapasuka, na wewe uko kwenye kona.

Sijasema ukimbize 50. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne, na mbuzi wa Buhigwe hawajasoma alama za barabarani. Kwenye lami iliyonyooka na unayoiona mbele, achia kidogo. Kwingine kote nenda ile polepole ya kweli, au simama, egesha, kunywa maji, rimu zipoe. Ukishaacha lami ukaingia njia za changarawe za upande wa Heru Juu, hesabu ya upepo isahau kabisa. Hapo ni polepole ya kweli tu, na breki ya mbele uiguse kwa adabu. Wenye breki za diski, zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu badala ya rimu, nao wasijidai. Tyubu yao iko salama, sawa, lakini pedi zikipata moto sana zinakuwa na uso wa kioo na unabana bila kitu kutokea.

Kuna jambo moja ambalo mimi mwenyewe sijatulia nalo. Vitabu vinasema usibane mfululizo: bana kwa nguvu, achia, bana tena. Ndivyo ninavyowafundisha watu. Lakini kama mwendo wako wa wastani ni uleule, joto la jumla ni lilelile, na kwenye changarawe ukiwa na mzigo mzito nyuma, kila unapoachia mzigo unapata nafasi ya kukuvuta. Nadhani faida yake kubwa ni vidole kupumzika. Nabishana na mafundi wenzangu kila siku, hatujamaliza.

Ukitaka kuona watu wanaojua kushuka, watazame wabeba ndizi na mkaa wenye baiskeli za Phoenix. Wageni huwacheka. Breki zao huvutwa kwa fito za chuma badala ya waya, rimu ni za chuma kinachong'aa, na mvua ikinyesha raba inateleza kwenye chuma kilicholowa kama hakuna breki kabisa. Kwa hiyo mvua ikianza wanashuka kwenye baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo, wanatembea. Mteremko ukiwa mkavu utaona mguu wenye katambuga unakandamiza tairi la nyuma, raba kwa raba, rimu haipati moto hata kidogo. Usiige hilo kama hujazaliwa nalo, ila kushuka kwenye baiskeli na kutembea, hilo liige.

Baridi sasa. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi kama sita. Umefika juu shati limeloa jasho, unageuza baiskeli, upepo unakuingia, na baada ya nusu saa vidole vinakufa ganzi. Vidole hivyo ndivyo breki zako. Vaa shati kavu kabla ya kushuka, tia gazeti kifuani chini ya koti, na glavu hata kama ni za kubebea mizigo.

Kambi nitasema haraka. Mwenyekiti wa kitongoji kwanza, hema baadaye. Ukimsalimia vizuri pengine atakuonyesha mahali pazuri kuliko ulipopaona. Usilale chini kabisa bondeni ukidhani umejikinga na baridi, kwa sababu usiku hewa ya baridi nayo inashuka na kujaa hukohuko. Na kiangazi usiweke hema juu ya mteremko wa nyasi kavu, maana moto wa nyika hupanda mlima upesi sana.

Halafu mtu wa Dar akumbuke saa. Kigoma jua linazama karibu saa moja jioni, wakati Dar giza limeshaingia, na asubuhi nalo linachelewa vilevile, kwa hiyo ile ndoto ya kuondoka saa kumi na moja unusu ni kupanda gizani. Usishuke jioni: unaelekea upande wa ziwa, jua linakupiga machoni, na dereva anayekuja nyuma yako naye halimsazi.

Kijana wangu alikuwa na raba zilizoisha hadi chuma kinachungulia. Tumebadilisha zote nne, na nimempa seti ya akiba aiweke mfuko wa juu, asiizike chini ya sufuria. Huko madukani juu atapata za Phoenix tu, na haziingii kwenye breki zake.