Heinrich wa 67 alimzaa Heinrich wa 14

Juzi harusini mshereheshaji alimtambulisha bwana harusi kuwa "Yusufu wa Pili", kwa sababu baba yake naye ni Yusufu. "Kama wafalme wa Ulaya," akaongeza, "baba wa kwanza, mwana wa pili!" Vigelegele. Mimi nikabaki na pilau mdomoni, maana kauli hiyo nimeshaisikia mara tatu mwaka huu.

Namba ya mfalme huhesabu wajina waliokalia kiti kimoja. Basi. Vizazi havimo. Louis wa 14 wa Ufaransa alipofariki mwaka 1715, Louis wa 15 aliyemrithi alikuwa kitukuu chake. Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alikufa mwaka 1603 bila mtoto. Wa Pili akaja miaka 349 baadaye.

Kinachonikera ni hiyo "wa". Ukisema mtu ni "wa 14" umeshadai kwamba kuna foleni, na watu hawaulizi ni foleni ya nini. Wangeuliza, wangewapenda akina Reuss, ukoo uliotawala vipande vya Thuringia, Ujerumani, hadi mwaka 1918. Wanaume wote wa ukoo huo huitwa Heinrich. Nasema wote: mtawala, mdogo wake, binamu, hata kichanga kilichozaliwa usiku wa kuamkia leo. Inasemekana ni kwa heshima ya Kaisari Heinrich wa 6. Jina lenyewe limeunganishwa na maneno mawili ya Kijerumani cha kale, nyumba na mtawala. Kwa hiyo hao ni wenye nyumba watupu, nyumba nzima.

Foleni yao ni ya kuzaliwa. Mvulana hupata namba yake hata kama kiti hatakikalia kamwe. Tawi la Greiz lilipanga kuhesabu mpaka 100 ndipo lianze tena (likakatika mwaka 1927, limefika Heinrich wa 24). Tawi la Gera lenyewe huanza upya karne mpya inapoingia. Ndiyo maana Heinrich wa 62 alirithiwa na mdogo wake, Heinrich wa 67, na huyo alipofariki mwaka 1867 akarithiwa na mwanawe wa kumzaa, Heinrich wa 14. Baba alizaliwa 1789, hesabu ya zamani. Mwana 1832, hesabu mpya. Aliyemfuata wa 14, mwanawe tena, alikuwa wa 27. Hakuna aliyekosea kuhesabu.

Sasa, ndugu mshereheshaji, kwa upole tu: yule kijana ni Yusufu bin Yusufu, na jina hilo limetimia. Ukishikilia namba, tuambie kwanza unahesabu foleni ipi. Maana kwenye meza yangu alikuwepo kaka wa babu yake, mzee wa kofia ya viua, aliyekuwa akikutazama bila kupiga makofi. Naye anaitwa Yusufu.