Saa ya Kusuka: Malezi ya Binti Mdogo Jumapili Jioni

Jumapili jioni mitaa mingi ya Tanga ina picha moja. Mama ameketi kwenye kigoda au ukingoni mwa baraza, khanga ameitandaza mapajani. Mbele yake, juu ya mkeka, amekaa binti wa miaka minne au mitano, kichwa kimeinamishwa. Pembeni pana chanuo, kitana chenye mkia mwembamba, kopo la mafuta ya nazi na kikombe cha maji. Dada yake mkubwa anasubiri zamu, na ameshaanza kununa kwa sababu anajua itauma.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na wazazi siku za kliniki tukizungumza malezi. Kila mara kuna mama atakayeniambia, "Dada, muda wa kucheza na mtoto nitautoa wapi? Asubuhi niko sokoni, jioni niko jikoni." Simlaumu hata kidogo. Lakini nikimwuliza nani anamsuka binti yake, hunijibu kuwa ni yeye mwenyewe, saa nzima, na akiwa na mabinti wawili ni saa mbili. Basi muda upo. Tatizo ni kwamba saa hiyo tunaimaliza kwa kugombana: tulia, inamisha kichwa, nyamaza, nitakupiga kitana.

Desemba 2021 Serikali yetu ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomwangalia mtoto tangu mimba hadi miaka minane. Ina nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Wazazi wakisikia maneno haya mkutanoni huona ni mambo ya wataalamu na ya semina. Mimi huwaambia kwamba ukiacha chakula, nguzo nne zote zinaingia katika ile saa ya kusuka, na hakuna cha kununua.

Tuanze na maumivu, kwa sababu mtoto anayelia hasikii lolote unalomfundisha. Kuna msemo wetu kwamba fulani "ana kichwa laini", kana kwamba kuumia ni udhaifu wake. Ngozi ya kichwa cha mtoto huumia kweli. Nywele zetu zikichanwa zikiwa kavu, kuanzia kwenye mizizi, zinakatika na kichwa kinavutwa. Zilowanishe kwanza, upake mafuta, uzigawe mafungu manne, kisha chana kila fungu kuanzia kwenye ncha ukipanda taratibu, huku vidole vya mkono wa pili vimeshika nywele karibu na ngozi ili mvuto usifike kichwani. Ukimaliza kusuka, mtazame usoni. Ikiwa nyusi zimepanda, au hawezi kufumba macho vizuri, au baada ya siku moja vimetoka vipele vidogo vyeupe kando ya paji la uso, umekaza mno. Fumua, hata kama ni usiku. Nywele za pembeni zikivutwa mwezi baada ya mwezi tangu utotoni hunyonyoka, na mizizi ikishakufa hazioti tena.

Jambo la pili la afya ni dawa ya kulainisha nywele. Naomba sana tusiwapake watoto. Nyingi hutengenezwa kwa kostiki soda, ile ile wanayotumia watengeneza sabuni, au kemikali nyingine yenye ukali wa namna hiyo. Huunguza ngozi, na mtoto akiilamba kutoka kwenye kopo lililoachwa wazi inamchoma mdomo na koo. Hata ya mama mwenyewe ikae juu ya kabati.

Kusuka pia ndiko kunakotuonyesha yale ambayo kuoga kwa haraka hakuonyeshi. Chawa tunawajua. Ukiona mabaka ya duara, nywele zimepukutika na ngozi ina magamba, huenda ni mapunye. Mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi, kwa sababu fangasi wake wamejificha ndani ya mzizi wa unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Kila mtoto apate kitana chake, maana vitana ni njia mojawapo ya mapunye kuhama kutoka kichwa hadi kichwa.

Sasa mazungumzo. Hapa nitakaa zaidi.

Watoto wengi huwa wagumu kuzungumza ukiwakazia macho. Mwite binti wa miaka sita, mkalishe mbele yako, mwulize "leo shule ilikuwaje?" Atasema "nzuri", basi. Lakini akiwa amekupa mgongo, joto la magoti yako liko mabegani mwake na vidole vyako viko kichwani, maneno hutoka yenyewe. Atakuambia nani alimsukuma foleni ya uji, mwalimu alivaa nini, rafiki yake amesema hamtaki tena. Wewe kazi yako ni kuitikia. Mwitikio tunaousema sisi wataalamu ni huo tu: mtoto amerusha neno, umelidaka, ukalirudisha. "Akakusukuma? Ukafanyaje?" Ukinyamaza, au ukirudisha karipio, "na wewe umezidi uchokozi", mara ya pili atapunguza, mara ya tatu hataleta.

Mdogo asiyejua kueleza habari, hesabuni mistari. Mtindo wa twende kilioni, wa mistari iliyonyooka kwenda nyuma, una njia saba au nane kichwani. Mpe kioo kidogo azihesabu kwa kidole. Mtegeeni vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Nimeshuhudia mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akilia machozi akasahau kitana kwa sababu alikuwa akitafuta jibu, na alipolipata, yai, akageuka ghafla kwa furaha hadi mama akapoteza fungu lote la nywele. Mama alicheka, akaanza upya. Nilitamani kila mzazi aione ile sura ya mtoto.

Adui wa saa hii siku hizi ni simu. Tunampa mtoto katuni ili atulie, au mama mwenyewe ameiegemeza kwenye kopo la mafuta anaangalia tamthilia. Naelewa kwa nini, mtoto anatulia kweli. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Ukishaitumia saa hiyo kwenye kusuka, mtoto amepata katuni na amekukosa wewe, ilhali mmekaa mmegusana.

Halafu kuna maneno tunayoyasema juu ya kichwa chake tukidhani hasikii. "Huyu ana nywele ngumu kama za baba yake." "Dada yake ndiye mwenye nywele nzuri, za singa." "Kipilipili hiki kitavunja kitana." Tunayasema kwa jirani, kwa kicheko, na mtoto yuko pale pale. Mwenye mabinti wawili awe mwangalifu zaidi, kwa sababu mmoja anasifiwa na mwingine anasikia kilichobaki. Msichana mdogo hujifunza kujiangalia kupitia kinywa cha mama na shangazi zake kabla hajajua kutumia kioo. Nimekaa na mtoto wa darasa la pili aliyeniambia kwamba yeye ni "yule mbaya". Nilipomwuliza nani kamwambia, alishangaa swali lenyewe. Kwake ilikuwa habari inayojulikana na kila mtu nyumbani. Zisemeni nywele kwa sifa zake halisi: ni nyingi, ni nyeusi, zinashika mtindo, zinakaa wiki mbili. Kila mtoto apewe sifa zake bila kupimwa na za mwenzake.

Kusuka kwaweza pia kuwa somo la kwanza la mwili wake. Mwombe ruhusa. "Nianze, mama?" Na akisema "inauma, subiri", subiri kweli, hata kwa nusu dakika. Wazazi wengine hunipinga hapa, kwamba ni kumdekeza. Mimi nasema mtoto ambaye kila akisema "inauma" mkono wa mtu mzima unasimama, amejifunza kwamba neno lake juu ya mwili wake lina nguvu. Siku mtu mzima mwingine asiposimama, atajua mara moja kwamba hapa kuna jambo si la kawaida.

Hapo hapo mfundishe majina. Sikio, kisogo, utosi, shingo, kifua, kitovu, uke, makalio. Najua neno moja hapo limewashtua baadhi yenu, na sisi watu wa Pwani tuna haya, na haya ni jambo jema. Lakini mtoto aliyefundishwa kuuita uke wake "keki" au "kidude" akija kusema "anko kagusa keki yangu", nani atamwelewa? Msemee taratibu, bila kicheko na bila ukali. Sehemu hizi zinazofunikwa na nguo ya ndani ni zako. Mama au bibi anaweza kukuosha, daktari anaweza kukuangalia mama akiwepo. Mwingine yeyote akigusa, au akikutaka umguse, njoo uniambie, hata akisema ni siri. Usilifanye mhadhara wa siku moja. Rudia kidogo kidogo, kama unavyorudia kumfundisha kusalimia.

Na ikitokea akakuambia jambo zito? Hutokea, na wengi waliowahi kunisimulia walilisikia kwanza wakati wa kuoga au kusuka. Moyo utapasuka, lakini jizuie usipige kelele, wala usimhoji maswali mfululizo. Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Usimwogeshe, usifue nguo alizokuwa amevaa. Mpeleke hospitali mapema iwezekanavyo, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU ni lazima ianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nafasi. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya Polisi, kuna sisi maafisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri na kata, na kuna Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, isiyotozwa chochote. Kuyamaliza kifamilia kwa faini ya mbuzi na kikao cha wazee ni kumwacha mtoto peke yake na aliyemuumiza, nami siwezi kulisema hilo kwa upole zaidi ya hapo.

Akina baba, nanyi mpo katika makala haya. Tumezoea kwamba kichwa cha binti ni cha mama, baba hutoa hela ya msusi tu. Lakini kuna nyumba ambazo mama yuko safarini au zamu ya usiku, na nyingine mama hayupo tena duniani. Si lazima baba ajue twende kilioni. Kugawa nywele mafungu mawili, kupaka mafuta na kufunga kibanio ni jambo la kujifunza kwa jioni moja. Binti anayeguswa kichwa kwa upole na baba yake, akasikilizwa habari zake za foleni ya uji, anajua mwanaume mwenye upendo anakuwaje. Vivyo hivyo kwa bibi na kwa dada wa kazi: kama wao ndio wanaosuka, basi wao ndio wanaosikia mengi, na ni busara kuwauliza.

Wazazi wa darasa la kwanza huniletea lalamiko lingine. Shule nyingi zinataka mtoto awe na nywele fupi, hivyo Januari kichwa kinanyolewa na mkeka wa Jumapili unakunjwa. Mama hupumua, kazi imepungua. Baada ya miezi michache ananiambia, "Huyu mtoto siku hizi haniambii kitu." Nywele zimeondoka na saa yake imeondoka nazo, hakuna aliyekusudia hivyo.

Saa hiyo ihamishieni kwenye kucha. Mkeka ule ule, saa ile ile, mkasi mdogo badala ya wembe, kucha kumi za mikono na kumi za miguu, kisha mafuta kwenye visigino na magotini. Anza na kidole kidogo cha mguu, uliza habari moja ya shule kwa kila kidole, na usikate kinachofuata mpaka amemaliza kusimulia. Mabinti huigundua kanuni hiyo haraka. Wapo wanaorefusha hadithi makusudi ili mguu ubaki mapajani. Mwacheni arefushe.