Adui muombee njaa? Kwa nini nchi hasimu ikiporomoka, jirani ndiye hukosa usingizi

Tarehe 10 Mei 2025, saa tisa na dakika 35 alasiri kwa saa za India, jenerali anayesimamia operesheni za jeshi la India alipigiwa simu. Aliyekuwa upande wa pili wa laini ni mwenzake wa Pakistan, mwenye wadhifa kama wake. Kwa siku nne nchi hizo mbili, zote zenye silaha za nyuklia, zilikuwa zikirushiana makombora na droni, baada ya shambulio la Aprili huko Pahalgam, Kashmir, lililoua watu 26. India iliilaumu Pakistan, Pakistan ikakana. Majenerali hao wawili walizungumza, wakakubaliana: kuanzia saa kumi na moja jioni hakuna kufyatua tena, si nchi kavu, si angani, si baharini. Usiku huo bado lawama na milio ilisikika, lakini mapigano makubwa yalikoma.

Chukua picha hiyo uigeuze. Simu inaita, inaita, na upande wa pili hakuna anayepokea. Au wanapokea watu watano, kila mmoja akisema yeye ndiye mkuu wa majeshi, na hakuna hata mmoja anayeweza kumwamuru askari aliye mpakani aweke silaha chini. Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo watu hubishana sana: nchi mnayohasimiana nayo, ile inayopakana nanyi, ikiwa imara na tulivu, je, hiyo ni heri kwa amani ya eneo zima au ni shari?

Wengi wetu jibu la haraka tumelirithi kwenye msemo: adui muombee njaa. Na msemo huo una mantiki yake. Serikali inayohangaika na migomo, uasi na hazina tupu haina fedha za kununua vifaru wala nafasi ya kupanga uvamizi. Acha wagombane wenyewe kwa wenyewe, sisi tulale. Kwa mwaka mmoja au miwili hesabu hiyo huweza kutoka sawasawa. Tatizo ni kwamba mpaka hauhami, na mwaka wa tatu unakuja.

Hakuna mahali ambapo jambo hili limeonekana wazi kama Pembe ya Afrika. Kisa cha Ethiopia na Somalia kina kila kitu, na kinastahili kusimuliwa polepole.

Mwaka 1974 Mfalme Haile Selassie alipinduliwa. Maofisa waliochukua nchi, wale wa Derg, walianza kuuana wenyewe kwa wenyewe. Eritrea, wakati huo sehemu ya Ethiopia, ilikuwa inawaka, na katika mitaa ya Addis Ababa vijana walikuwa wakipigwa risasi. Ng'ambo ya mpaka, Siad Barre alikuwa ameshika Somalia tangu 1969, akiwa na jeshi lililojengwa kwa silaha za Kisovieti. Bendera ya nchi yake ilikuwa na nyota yenye pembe tano, kila pembe ikiwakilisha sehemu wanakoishi Wasomali, na mojawapo ni Ogaden, iliyo ndani ya Ethiopia. Alipotazama vurugu za jirani, aliona mlango uko wazi. Julai 1977 majeshi yake yakaingia. Septemba yakauteka mji wa Jijiga, na kwa muda ikaonekana kama Ethiopia imekwisha.

Haikwisha. Wasovieti waligeuka wakaipa Ethiopia silaha, Kuba ikaleta maelfu ya askari, na Machi 1978 jeshi la Somalia likarudi nyumbani likiwa limevunjika.

Sasa angalia hapo, maana watu wengi huliruka jambo hili. Aliyevamia hakuwa yule aliyeyumba. Aliyevamia ndiye aliyekuwa imara. Kuyumba kwa Ethiopia hakukumfanya Siad Barre atulie, kulimtamanisha. Vita vya panzi, furaha kwa kunguru. Miaka mitatu baadaye kunguru mwingine alifanya vilevile: Iran ilikuwa imetoka kwenye mapinduzi ya 1979, maofisa wengi wa jeshi lake wamefukuzwa au kuuawa, na Septemba 1980 Saddam Hussein akaamuru majeshi ya Iraq yavuke mpaka akitarajia ushindi wa haraka. Vita vile vilidumu miaka minane. Mpaka ulibaki pale pale, na utawala aliotaka kuudhoofisha ulitoka vitani umeshika nchi kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza udhaifu wa jirani unaleta nini kwanza, nitamwambia unaleta tamaa. Hatari kubwa iko kwenye pengo, pale mmoja anaposimama wima na mwenzake amepiga magoti.

Turudi Pembe. Baada ya 1978 zamu ya kuyumba ikawa ya Somalia, na Ethiopia nayo ikafanya kile ambacho mahasimu hupenda kufanya kwa sababu ni rahisi: ikawapa waasi wa Kisomali kambi na silaha. Siad Barre naye akawafadhili waasi wa Ethiopia. Kila mmoja alikuwa anachimba chini ya ukuta wa nyumba ya mwenzake, na kuta zile zilikuwa zimepakana. Aprili 1988 Mengistu Haile Mariam, mtawala wa Ethiopia kutoka Derg, na Barre, wote wamechoka, walitia sahihi mapatano ya kuacha mchezo huo. Waasi wa SNM, kundi la Kisomali lililokuwa likimpinga Barre, walipoona wanapoteza kambi zao Ethiopia, waliingia Burao na Hargeisa, miji ya kaskazini mwa Somalia, mwezi uliofuata. Serikali ikajibu kwa kuubomoa mji wa Hargeisa kwa mabomu, na ndege zilizofanya kazi hiyo ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa mji huo huo. Zilipaa, zikageuka, zikawapiga watu waliokuwa wakizisikia zikiunguruma kabla hazijaondoka ardhini. Mamia ya maelfu wakakimbia, wengi kwa miguu. Wakaenda wapi? Ethiopia, nchi iliyokuwa adui.

Januari 1991 Siad Barre akaanguka. Mei mwaka huo huo Mengistu naye akakimbilia Zimbabwe. Ethiopia ilipata serikali nyingine, Somalia haikupata.

Kama adui muombee njaa ungekuwa ushauri wa kuendeshea nchi, hapa ndipo Ethiopia ingevuna. Hasimu wake wa miaka mingi hakuwa tena na jeshi, ndege, hazina wala rais wa kudai Ogaden. Lakini tazama alichovuna. Katikati ya miaka ya 1990 wapiganaji wa al-Itihaad, kundi la Kiislamu kutoka Somalia, walishambulia ndani ya Ethiopia, na mwaka 1996 Ethiopia ikalazimika kuvuka mpaka kuwafuata Luuq, mji wa Somalia. Desemba 2006 ilivuka tena, safari hii hadi Mogadishu, kuuondoa Muungano wa Mahakama za Kiislamu uliokuwa umeushika mji huo. Ilipoondoka Januari 2009, al-Shabaab lilikuwa na nguvu kuliko siku Waethiopia walipoingia. Julai 2022 mamia ya wapiganaji wa kundi hilo waliingia Ethiopia yenyewe. Nchi iliyokuwa na hasimu mmoja mwenye anwani ikajikuta na mahasimu wasio na anwani.

Na moto wa nyumba ile haukuwachagua waliokuwa na ugomvi na mwenye nyumba. Kenya ilifungua kambi za Dadaab mwaka 1991, na miaka ishirini baadaye zilikuwa na wakimbizi wanaokaribia nusu milioni. Al-Shabaab waliwaua watu 67 katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013. Aprili 2015 wakawaua 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Siwezi kuandika idadi hizo kana kwamba ni takwimu za mpira. Hao ni vijana waliokufa kwa sababu nchi ya jirani ilikosa mtu wa kuizuia bunduki isivuke.

Halafu linganisha na mgogoro wa juzi tu. Tarehe 1 Januari 2024 Ethiopia ilitia sahihi makubaliano na Somaliland, eneo la kaskazini mwa Somalia lililojitangazia uhuru, kuhusu njia ya kufikia bahari. Mogadishu ilikasirika kweli kweli, ikamfukuza balozi wa Ethiopia, ikatafuta marafiki wapya wa kijeshi. Ulikuwa ugomvi mkali. Lakini ulikuwa ugomvi kati ya serikali mbili, wenye barua, wasemaji na mabalozi, na Desemba mwaka huo Abiy Ahmed wa Ethiopia na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia wakakaa Ankara, Uturuki, na kutoa tamko la pamoja. Ugomvi ule haujaisha wote. Ila kulikuwa na watu wawili wa kuitwa mezani, na katika miaka ya 1990 kiti kimoja kingekuwa kitupu.

Je, basi uimara wowote wa hasimu ni heri? Hapana, na hapa wanaosema "mwacheni jirani atulie" huenda haraka mno. Ujerumani ya 1938 ilikuwa na utulivu ndani: hakuna migomo, hakuna upinzani, na viwanda vinafanya kazi usiku na mchana. Majirani zake hawakuona heri yoyote. Utulivu unaotokana na mtu mmoja kushika kila kitu, bila bunge wala mahakama wala gazeti la kumwambia subiri, humpa huyo mtu mkono mwepesi wa kuanzisha vita. Siad Barre wa 1977 alikuwa na utulivu wa aina hiyo.

Kuna pia utulivu wa juu juu, ambapo nchi ina serikali lakini bunduki zina bosi mwingine. Februari 1999 waziri mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, alipanda basi hadi Lahore, akapokewa na waziri mkuu wa Pakistan, Nawaz Sharif, wakatia sahihi tamko la kupunguza hatari ya nyuklia. Mwezi Mei ikagundulika kwamba askari kutoka Pakistan wamepanda milima ya Kargil, upande wa India. Sharif alidai baadaye kwamba hakuelezwa ipasavyo, majenerali walisema aliarifiwa. Vyovyote iwavyo, Oktoba mwaka huo jeshi lilimpindua. Mkono mmoja ulitia sahihi, mwingine ulikuwa tayari mlimani. Kinachomfaa jirani, kwa hiyo, ni hasimu ambaye neno lake linafika hadi kwa askari wa mwisho mpakani.

Wapo watakaosema India ilifaidika Pakistan ilipogawanyika mwaka 1971. Kweli, vita vile vya Desemba vilidumu siku 13 tu na Bangladesh ikazaliwa. Lakini kabla ya hapo wakimbizi wapatao milioni 10 walikuwa wamevuka kuingia India, mzigo mzito kwa nchi iliyokuwa bado maskini. Na kilichofuata ni kizito zaidi: Januari 1972, wiki chache tu baada ya kushindwa, kiongozi mpya wa Pakistan, Zulfikar Ali Bhutto, aliwakusanya wanasayansi huko Multan na kuwataka waitengenezee Pakistan bomu la nyuklia. Hasimu aliyekatwa nusu hakuacha uhasama. Alitafuta silaha ambayo ingefidia nusu iliyopotea, na Mei 1998 aliijaribu mbele ya dunia nzima. Nikiangalia miaka hiyo, naona ushindi wa siku 13 uliozaa hofu ya zaidi ya nusu karne.

Upande wa pili wa dunia, Argentina na Brazil zilipita njia nyingine. Zote mbili zilikuwa na tawala za kijeshi, zote zikifanya utafiti wa nyuklia ambao hazikutaka jirani auone. Argentina ilirudi kwenye utawala wa kiraia 1983, Brazil 1985. Mwaka huo huo wa 1985 marais Raúl Alfonsín wa Argentina na José Sarney wa Brazil walikutana Iguaçu, mpakani, na 1987 Alfonsín akampeleka Sarney kukitembelea kiwanda cha kurutubisha urani cha Pilcaniyeu, ambacho Argentina ilikuwa imekijenga kwa siri. Rais wa nchi hasimu anaoneshwa chumba kilichofichwa! Tangu 1991 kuna taasisi yao ya pamoja, ABACC, ambayo huwatuma wakaguzi wa Brazil kwenye mitambo ya Argentina na wa Argentina kwenye mitambo ya Brazil. Hakuna aliyelazimika kumwombea mwenzake njaa. Kila mmoja alikuwa imara kiasi cha kuthubutu kufungua mlango, na jirani yake alikuwa imara kiasi cha kuaminika kuingia.

India na Pakistan hazijafika huko, na mbali bado. Mkataba wa maji ya mto Indus wa 1960, uliovuka vita vitatu bila kuvunjika, India ilitangaza kuusimamisha Aprili 2025. Hata hivyo kuna kitu kidogo ambacho nchi hizo hufanya kila tarehe 1 Januari tangu 1992. Wanadiplomasia wao, kwa wakati mmoja katika miji mikuu yote miwili, hukabidhiana orodha za mitambo ya nyuklia ambayo kila upande umeahidi kutoishambulia. Tarehe 1 Januari 2002, wiki chache baada ya shambulio kwenye bunge la India, mamia ya maelfu ya askari walikuwa wamepangwa pande zote za mpaka, wamekaa tayari kwa vita. Siku hiyo New Delhi ilikuwa na mtu wa kutoa orodha, Islamabad ilikuwa na mtu wa kuipokea, na orodha zilikabidhiwa.