Kutoa orodha ya waliotia saini kwa kompyuta: yanayodhaniwa na yalivyo

Katika ofisi za mawakala wa forodha zilizo jirani na bandari ya Tanga, ambako mikataba ya usafirishaji siku hizi hutiwa saini kupitia programu kama DocuSign au Adobe Acrobat Sign, wengi huamini kwamba ukipakua daftari la anwani lililomo ndani ya programu umewapata wote waliowahi kutia saini. Sivyo. Daftari lile ni la mtumiaji mmoja, na anwani za mwenzake wa meza ya pili kwa kawaida hazimo. Waliotia saini huandikwa katika kumbukumbu ya kila waraka, hivyo anayewahitaji hutoa ripoti ya wapokeaji wa nyaraka kwa kipindi anachokitaka, akijua kuwa ripoti hiyo huweza kuwachanganya watia saini na waliopelekewa nakala tu, na kwamba mteja aliyesaini mikataba mitatu hutokea mara tatu.

Hudhaniwa pia kuwa namba za simu lazima ziwemo. Programu hizi zimejengwa juu ya barua pepe. Simu huonekana tu ikiwa ilitumika kumtumia mtu waraka au kumthibitisha, au ikiwa aliiandika mwenyewe kwenye nafasi iliyowekwa ndani ya waraka.

Dhana iliyonigharimu asubuhi nzima ni ile ya kwamba faili la CSV, yaani orodha ya maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, ukilibofya mara mbili likafunguka, basi liko salama. Excel huichukulia namba ya simu kuwa ni hesabu, kwa hiyo inayoanza na 07 hupoteza sifuri ya mwanzo, na iliyoandikwa kwa +255, kwa kuwa ina tarakimu 12, hupoteza alama ya kujumlisha na kuonekana kama 2.56E+11. Hapo bado hakijaharibika kitu; ukihifadhi faili ndipo kile kinachoonekana kwenye seli kinapoandikwa badala ya namba yenyewe, na tarakimu za mwisho zinapotea kabisa. Dawa yake ni kufungua Excel tupu, kuliingiza faili kupitia menyu ya data, na kuitaja safu ya simu kuwa ni maandishi kabla ya kulipakia.

Wapo wanaohofia kwamba kutoa orodha kutabatilisha saini. Hofu hiyo haina msingi, kwani waraka uliosainiwa hauguswi.

Lililo zito zaidi ni kudhani kwamba aliyekupa saini amekupa na ruhusa ya kumtumia matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa madhumuni mahsusi na zisitumike kinyume na madhumuni hayo. Mwenye mzigo aliyesaini ili kontena lake litoke bandarini hajaomba ujumbe wa punguzo la bei kila sikukuu ya Idi, na faili lililosambazwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi halirudishwi tena.

Mteja akitaka aondolewe kwenye orodha, usimwambie kwamba kufuta jina lake kwenye daftari la anwani kumemaliza kazi: barua pepe yake, muda aliosaini, na mara nyingi anwani ya IP (namba ya utambulisho mtandaoni) ya kifaa alichotumia, hubaki kwenye cheti kinachoambatana na mkataba.