ESR ikishuka huku feritini ikipanda

Mgonjwa mwenye baridi yabisi ya aina inayoshambulia mwili mzima ana homa siku ya tano. CRP (protini ya damu inayopanda ugonjwa ukiwaka) ni 180 mg/L, feritini (protini inayohifadhi madini ya chuma) imepita 3,000 ng/mL, na ESR (kasi ya chembe nyekundu kuzama) iliyokuwa 110 wiki iliyopita leo imesoma 35. Asiyezoea atafurahi, aseme dawa zimeanza kushika. Mimi hapo huomba fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) ipimwe na hesabu ya plateleti (chembe sahani za damu) irudiwe saa ileile, kwa sababu ESR inayoporomoka wakati homa bado ipo ni dalili mbaya kuliko ESR ya 110.

Sababu imo ndani ya kipimo chenyewe. ESR haipimi inflamesheni, yaani moto wa kinga mwilini, moja kwa moja. Inapima chembe nyekundu zimezama milimita ngapi kwa saa moja ndani ya tyubu iliyosimama wima. Chembe hizo kwa kawaida husukumana kwa chaji zake za umeme, kwa hiyo huzama polepole. Mwili ukiwa na inflamesheni, ini humwaga fibrinojeni kwa wingi, chaji hizo hufunikwa, na chembe hushikana kama sarafu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mafungu hayo ni mazito, huzama haraka. Basi fibrinojeni ikianza kuteketea, chembe huachana na ESR hushuka, hata kama moto wenyewe unazidi.

Hicho ndicho kinachotokea katika sindromu ya uamilishaji wa makrofaji, ambayo wengi huiita kwa kifupi MAS. Makrofaji (chembe za kinga zinazomeza nyingine) na chembe T (nazo za kinga) hukosa breki, huchocheana bila kukoma, na kuanza kula chembe za damu ndani ya uboho, ini na wengu. Huwapata zaidi watoto wenye baridi yabisi ya mwili mzima na watu wazima wenye ugonjwa wa Still, lakini lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, nayo ina sehemu yake. Bila matibabu huua, na hufanya hivyo kwa siku, si kwa miezi.

Mwaka 2016 mashirika ya wataalamu wa baridi yabisi EULAR, ACR na PRINTO yalikubaliana vigezo vya kuainisha MAS kwa watoto wenye baridi yabisi ya mwili mzima: mtoto mwenye homa, feritini zaidi ya 684 ng/mL, pamoja na angalau viwili kati ya hivi vinne: plateleti 181 au chini (kwa maelfu), AST (kimeng'enya cha ini) zaidi ya 48, trigliseridi (mafuta ya damu) zaidi ya 156 mg/dL, na fibrinojeni 360 mg/dL au chini. Zitazame namba hizo vizuri. Fibrinojeni ya 360 kwa mtu mwenye afya ni ya kawaida kabisa, na plateleti 181 hakuna maabara itakayoziwekea alama nyekundu. Lakini mtoto huyu hatakiwi kuwa na namba za kawaida. Ugonjwa wake ukiwa mkali, plateleti zinapaswa kuwa 500 au 600, na fibrinojeni ipande sana. Plateleti zikitoka 620 Jumatatu zikawa 240 Jumatano, fomu ya maabara itaonyesha kila kitu kiko sawa, na mtoto yuko hatarini. Ndiyo maana sisomi jibu la leo bila la juzi kuwa kando yake.

Kwa watu wazima vigezo hivyo havikutengenezwa. Wengi hutumia HScore, mfumo wa kujumlisha alama wenye vipengele tisa, na alama 169 kwenda juu huelekeza kwenye tatizo hili. Kipengele kimojawapo ni kuona kwenye uboho makrofaji zilizomeza chembe za damu. Naonya tu kwamba mwanzoni uboho unaweza usionyeshe chochote. Kusubiri jibu lake ndipo uanze steroidi (dawa za kutuliza kinga) ni kupoteza muda ambao mgonjwa hana.

CRP ni mnyoofu zaidi kuliko ESR. Ini huitengeneza kwa amri ya interlukini-6 (kemikali ambayo chembe za kinga hutumia kupeana ishara), hupanda ndani ya saa chache, na nusu yake huondoka kwenye damu kwa takriban saa 19. Kichocheo kikizimwa kweli, jibu la kesho litakuwa karibu nusu ya la leo. Lakini unyoofu huo una mipaka miwili mikubwa.

Wa kwanza ni lupasi. Mgonjwa anaweza kuwa na figo zinazoshambuliwa, protini imejaa kwenye mkojo, na CRP yake ikawa 6. Interferoni za aina ya kwanza, kemikali nyingine za kinga ambazo katika lupasi huwa juu, huzuia ini lisiitengeneze. ESR yake itakuwa juu kwa sababu ya kingamwili nyingi na upungufu wa damu. Kwa lupasi natazama protini za kinga C3 na C4 zikishuka, kingamwili dhidi ya DNA zikipanda, na mkojo. CRP ikivuka 50 au 60 kwa mgonjwa wa lupasi, nauliza kwanza kuhusu maambukizi ya bakteria, kisha kuhusu maji kwenye utando wa mapafu au moyo, maana huko ndiko CRP ya lupasi hukubali kupanda.

Wa pili ni dawa. Tosilizumabu hufunga mlango wa interlukini-6, kwa hiyo CRP hushuka karibu na sifuri na kubaki huko, hata mgonjwa akiwa na nimonia. Dawa za kuzuia JAK (vimeng'enya vinavyopitisha ishara za kinga ndani ya chembe) nazo huipunguza. Tosilizumabu ina usumbufu wa ziada: yenyewe hushusha fibrinojeni na plateleti, na huweza kupandisha AST na mafuta ya damu. Yaani huiga MAS kwenye karatasi, na papo hapo huificha MAS halisi, kwa sababu homa inaweza isiwepo na feritini isipande kama inavyotarajiwa. Kwa mgonjwa wa namna hii mwenendo wa feritini na plateleti, pamoja na hali yake kitandani, vina uzito kuliko kigezo chochote kilichoandikwa.

Feritini nayo isipewe heshima isiyo yake. Ugonjwa wa ini, kuongezewa damu mara kwa mara, saratani na figo zilizoshindwa vyote huipandisha. Feritini ya 900 peke yake hainiambii mengi. Ikifika 10,000 kwa mtoto mwenye homa, orodha ya sababu huwa fupi sana. Katika ugonjwa wa Still kuna msaada mwingine: sehemu ya feritini iliyobeba sukari hushuka hadi asilimia 20 au chini, wakati kwa kawaida huwa zaidi ya nusu. Maabara zinazokipima kipimo hicho ni chache.

Maambukizi ndiyo yanayochanganya zaidi, kwa sababu yanaweza kuwa chanzo cha MAS au kuifanana. Prokalsitonini, protini nyingine ya damu, ikiwa zaidi ya 0.5 ng/mL huelekeza kwa bakteria, ila ugonjwa wa Still huweza kuipandisha bila bakteria yeyote, na figo mbovu vilevile. Ikiwa chini inasaidia. Ikiwa juu haiamui kitu. Damu ya kuotesha bakteria ichukuliwe kabla ya antibayotiki, na mara nyingi matibabu ya pande zote mbili huanza pamoja.

Sasa makosa ya sampuli, ambayo huzalisha MAS isiyokuwepo. Tyubu ya sitreti (kizuia damu kuganda) ya fibrinojeni lazima ijae hadi alama, sehemu tisa za damu kwa moja ya sitreti. Ikijaa nusu, jibu huwa chini kwa uongo. Tyubu ya ESR ya Westergren ni nne kwa moja, na wanaozichanganya hizi mbili wapo. Donge dogo ndani ya tyubu hula fibrinojeni na plateleti zote mbili. Kuna pia damu ambayo plateleti zake hushikana ndani ya EDTA, kizuia kuganda kingine: mashine inasoma 60, kumbe ziko 300. Tazama slaidi, kisha rudia kwa tyubu ya sitreti na uzidishe jibu kwa 1.1. Chembe zilizopasuka wakati wa kuvuta damu hupandisha AST na LDH, kimeng'enya kilichomo ndani ya chembe. Tyubu ya ESR ikiinama kidogo tu, au ikiwekwa juu ya meza inayotikiswa na sentrifuji, chembe huzama haraka kupita haki, na damu iliyokaa zaidi ya saa nne kwenye joto la chumba husoma chini.

Feritini ina mtego wake. Ikiwa nyingi kupita kiasi, baadhi ya mashine hulemewa, kingamwili zote mbili za kipimo hujaa kila moja peke yake bila kuunganika, na jibu hutoka dogo. Mgonjwa anaonekana mahututi na feritini inasoma 400? Piga simu maabara, sampuli izimuliwe mara 10, kisha mara 100, ipimwe upya. Halafu angalia vizio: CRP ya 18 kwa mg/dL ni 180 kwa mg/L, na mgonjwa aliyehamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine anaweza "kupona" au "kuzidiwa" mara kumi akiwa njiani.

Katika siku za mwanzo narudia hesabu kamili ya damu, CRP, feritini, AST, fibrinojeni na D-daima (mabaki ya damu iliyoganda) kila baada ya saa 12 hadi 24, trigliseridi mara chache zaidi. Tiba ikishika, homa na CRP hutangulia kushuka, plateleti hufuata kwa kupanda, feritini hujikokota, mara nyingine kwa wiki kadhaa. Na ESR? Fibrinojeni inaporudi, ESR huweza kupanda tena kutoka 35 hadi 70 wakati mgonjwa ameketi anakula, na mtu wa zamu ya usiku akiongeza steroidi kwa sababu hiyo atakuwa amefanya kosa lilelile la mwanzo, safari hii kwa kinyume.