Mgeni akiharisha, usikimbilie kumlaumu mama wa viazi karai

Kila mgeni akishuka jeti mzima halafu kesho kutwa akawa hatoki chooni, wa kwanza kulaumiwa ni mama wa viazi karai pale mtaani, na mimi bwana afya nishachoka na hiyo kesi. Hebu tuangalie takwimu kidogo maana hili jambo limepimwa kuliko watu wanavyodhani.

Kuharisha kwa msafiri, kwa hesabu zetu, ni choo laini au cha maji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, pamoja na dalili nyingine kama tumbo kukata, kichefuchefu ama homa, sio kwenda mara moja tu sababu umezidisha ukwaju. Kwa kipimo hicho, watu 100 wakitoka Ulaya wakaja nchi kama zetu wiki 2, wanaopata ni kati ya 10 na 40 hivi, inategemea wameenda wapi. Sisi pwani tulikuwa na hali mbaya zaidi: mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliwapa wageni fomu eapoti wakiwa wanarudi kwao, wakalinganisha Mombasa, Goa, Jamaica na Fortaleza kule Brazil, na waliotoka Mombasa zaidi ya nusu walisema waliharisha. Fortaleza walikuwa wachache mno. Ni namba za zamani lakini zinafundisha, kwa sababu hawa ni wazungu wale wale, na mawaidha yale yale ya kutokunywa maji ya bomba, wamefika mahali tofauti matokeo yakawa tofauti, basi tatizo si tumbo la mzungu peke yake, ni jikoni.

Na tena si jikoni la barabarani sana! Kiazi karai kinatoka kwenye mafuta yanayochemka unakipokea moto unakula hapo hapo, bakteria gani atapona mle? (Chatini yake hiyo ni kesi nyingine, hiyo siitetei.) Mimi naogopa bufee. Wali wa nazi umepikwa saa nne, saa nane bado uko pale vuguvugu, kachumbari imekatwa kwa kisu kilichotoka kwa kuku, stima imepotea na friza imeyeyuka ikaganda tena. Kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi bakteria wanazaana kwa raha zao, na chakula kilichopikwa hakifai kukaa hivyo zaidi ya saa 2.

Halafu kuna jambo la siku. Mkosaji mkubwa ni bakteria aitwaye E. coli, ile aina inayotoa sumu ndani ya utumbo, na yeye huchukua kuanzia nusu siku hadi siku 3 kabla hajaonyesha makali. Kwa hiyo mgeni anayeumwa leo jioni anakumbuka alichokula mchana mtaani, kumbe aliyemtenda ni saladi ya hotelini ya juzi. Weita amekula saladi ile ile na hana neno, lakini yeye amekutana na hawa wadudu tangu utotoni.

Jamaica walilichukulia kwa uzito, wakawafunza wapishi wa mahoteli na kukagua jikoni na maji, na ndani ya miaka michache wagonjwa wakashuka kutoka karibu robo ya wageni mpaka chini ya mmoja kati ya 10. Wageni hawakubadilishwa. Kwa hiyo ami wa jikoni akiniambia "bwana afya, hawa watu matumbo yao laini tu", namuuliza thamomita yako iko wapi.

Kwa aliyekwisha kuugua: nyingi huisha zenyewe ndani ya siku 3 hadi 7, muhimu maji yarudi mwilini. ORS ya pakiti (ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji), ukikosa, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe vimesawazishwa juu, sio vya kurundika. Dawa ya kufunga tumbo usimpe mwenye homa kali au damu chooni, huyo apelekwe hospitali, na mtoto mchanga usimsubirishe kabisa. Antibiotiki kwa kuharisha kidogo achaneni nazo, wasafiri wanaozimeza ovyo ndio wanaorudi kwao wakiwa wamebeba bakteria sugu zaidi tumboni.