Homa haijapika ubongo wa mtoto wako

Bado wazazi wanaambiwa, wakati mwingine na wahudumu wa afya, kwamba homa ilipanda mno ikaunguza ubongo wa mtoto kwa sababu walichelewa kumpoza mwili. Si kweli, na inawabebesha hatia isiyo yao. Degedege la homa huwapata watoto 2 hadi 5 katika kila 100, na karibu wote hubaki wazima hata homa ikifika nyuzijoto 40.

Malaria na homa ya uti wa mgongo tunazitafuta kwanza; hilo halina mjadala. Ninachozungumzia ni ensefalopathia kali, yaani kuvurugika ghafla kwa kazi za ubongo, inayofuata virusi kama vya influenza (mafua makali). Hapa kirusi nacho husingiziwa kwamba kimeingia ubongoni. Mara nyingi, tukipima maji ya uti wa mgongo hatukikuti, wala seli nyeupe za kinga hazijaongezeka humo. Kinachoumiza ni mwitikio wa mwili wenyewe: saitokaini, kemikali za kinga ya mwili, hufurika, mishipa midogo huvuja, ubongo huvimba. Katika aina ambayo Mizuguchi na wenzake waliieleza Japani mwaka 1995, thalamasi zote mbili, sehemu zilizo katikati ya ubongo, huharibika. Homa ni moshi wa moto huo.

Ipo aina nyingine inayoninyima usingizi, ambayo virusi vya herpes aina ya 6 huileta mara nyingi. Siku ya kwanza ya homa mtoto hupata degedege refu, pengine zaidi ya nusu saa. Kisha anazinduka, MRI (picha ya ubongo) ni safi, kila mtu anashusha pumzi. Kati ya siku ya 4 na ya 6 degedege hurudi, fupifupi kwa mfululizo, fahamu zinashuka, na sasa MRI inaonyesha madhara. Siku ile ya kwanza hakuna kipimo kinachonihakikishia ni mtoto yupi atarudi hivyo. Steroidi, dawa za kutuliza mwitikio huo wa mwili, zikitolewa mapema huonekana kusaidia ile aina ya thalamasi, lakini ushahidi ni wa wagonjwa wachache. Ninazitoa, siahidi kitu.

Kwa hiyo acheni kukodolea macho kipimajoto, mtazameni mtoto. Degedege limekwisha na bado hamtambui mama yake? Anaropoka, au haamshiki? Hospitali, sasa hivi, hata kama homa imeshuka. Parasetamoli humpunguzia maumivu, haizuii ugonjwa huu. Aspirini msimpe kabisa akiwa na mafua au tetekuwanga: inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao huharibu ini na ubongo kwa pamoja.